WD-40 na kumbikumbi waliogandia kwenye pikipiki: inafaa kwenye rangi, isiguse kioo

Nilifika Iringa saa mbili usiku, baada ya kilomita zipatazo 500 kutoka Dar es Salaam, na mwanga wa taa ya mbele ulikuwa umefifia kwa wingi wa wadudu. Kutoka Mikumi hadi Ruaha Mbuyuni walikuwa wachache wa kuhesabika. Lakini nilipomaliza kupanda mlima wa Kitonga na kukaribia Ilula, mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika, kumbikumbi wametoka ardhini, na kwa karibu nusu saa nilikuwa nikiwapasua kwa kioo cha mbele, kwa tangi na kwa magoti. Kwa uchovu niliiacha pikipiki uani mwa nyumba ya wageni bila kuigusa. Asubuhi nilipoamka jua lilikuwa limekwisha kuipiga, na kile kilichokuwa ute usiku kilikuwa kimegeuka gamba.

Mlinzi, aliponiona nikiukagua uharibifu huo, alitikisa kichwa akasema, "Mzee, hiyo yote ilikuwa mboga." Alikuwa na haki ya kusikitika, na maneno yake yanaeleza tatizo lenyewe kuliko maandishi ya kopo lolote. Kumbikumbi hukaangwa bila kutiwa mafuta kwa sababu wana mafuta yao ya kutosha. Anapopasuka kwenye kioo huacha mafuta hayo pamoja na maji ya mwili yenye protini, ambayo yakipata joto huganda kama ute wa yai uliokaukia kwenye sufuria. Ndiyo maana kumfuta akiwa mkavu humsambaza tu, na kumkwangua kwa ukucha, kama nilivyojaribu mara moja ubavuni mwa tangi, huacha alama iliyofifia isiyotoka tena.

Kopo ninalolitathmini hapa ni la WD-40, lile la buluu na njano lenye kifuniko chekundu, ambalo mafundi wengi hulitumia kulegeza nati zilizoshika kutu. WD-40 ilibuniwa San Diego, Marekani, mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kulinda ngozi ya nje ya kombora la Atlas. Namba 40 inatokana na jaribio la arobaini, ambalo ndilo lililofaulu. Kwa asili, basi, si sabuni, ingawa kampuni yenyewe hutaja kuondoa mabaki ya wadudu kwenye magari kuwa mojawapo ya matumizi yake.

Kabla ya kulifungua niliamua kulitendea haki, yaani kwanza nione maji na sabuni kidogo vinafika wapi. Nililoweka taulo kuukuu la pamba katika maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, nikalilaza juu ya tangi na madigadi ya mbele kwa dakika kumi na tano, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, sehemu kubwa ya gamba ilitoka kwa kupanguswa mara moja. Yalibaki madoa ya manjano kwenye ncha ya madigadi, mahali ambapo wadudu hupigwa kwa nguvu zaidi, na mabawa kadhaa yaliyolala bapa juu ya rangi kana kwamba yamebandikwa kwa gundi.

Hapo ndipo kopo lilipoonyesha thamani yake. Nilipuliza kwenye kitambaa, si kwenye pikipiki, nikakigandamiza juu ya madoa kwa dakika mbili au tatu, na yakateleza bila kusuguliwa. Vidoa vya lami nilivyokuwa nimevizoea kwa miezi mingi vilitoka pia, jambo ambalo sikulitarajia. Rangi haikubadilika hata kidogo. Kasoro yake ni kwamba huacha utando wa mafuta, na kwa vumbi la barabara zetu utando huo usipooshwa kwa sabuni siku ileile utakuletea kazi nyingine. Tena huondoa nta inayoilinda rangi, hivyo anayeithamini rangi yake ni lazima apake nta upya. Kupuliza kwenye kitambaa si upole tu: tone likifika kwenye diski ya breki au pedi, breki hazitashika, na kopo lenyewe hushika moto, kwa hiyo lisisogezwe karibu na injini au ekzosi iliyo moto.

Kuhusu kioo cha mbele, jibu langu ni hapana, na ndilo jibu la watengenezaji pia. Vioo vingi vya mbele vya pikipiki si vioo bali ni plastiki, mara nyingi polikaboneti, na kampuni ya WD-40 yenyewe inaonya kwamba isitumiwe kwenye polikaboneti. Lenzi za taa nyingi za kisasa ni za plastiki hiyohiyo, kwa hiyo nazo nilizikwepa.

Katika jambo hili nilikwisha kulipa ada. Kioo changu cha kwanza kilisuguliwa kwa stili waya na sabuni ya unga mahali fulani pa kuoshea magari, nikiwa nimesimama palepale nikiongea na simu. Nami, kwa kutaka kurekebisha, nikakifuta kwa dawa ya madirisha ya nyumbani yenye amonia, ambayo hushambulia polikaboneti na kuijaza nyufa nyembamba kama nywele. Mchana kilionekana chenye ukungu tu. Usiku, malori yalipokuwa yakishuka Kitonga, taa zao zilisambaa kwenye kioo kizima na sikuona ukingo wa barabara. Nilinunua kingine, na bei yake ingetosha kununua makopo haya kwa miaka mingi.

Kioo hiki kipya nimekisafisha kwa taulo tu. Kililowekwa mara mbili badala ya moja, kikamwagiwa maji mengi ili mchanga utoke kwanza, ndipo nikapangusa kwa kitambaa laini cha maikrofaiba kutoka juu kwenda chini, bila kugandamiza. Ilichukua karibu saa nzima, na hakuna mkwaruzo.

Kwenye rangi ningelitunuku kopo hili alama nne kati ya tano. Hata hivyo, safari iliyofuata nilisimama Ilula kumbikumbi wakiwa bado wabichi, nikalaza taulo lililoloa juu ya kioo na tangi, nikaagiza chai na maandazi, na nilipofika Iringa kopo lilikuwa bado chini ya mkoba bila kufunguliwa.