Nalipia kila mwezi, halafu Kiswahili kinaitwa "lugha ya kigeni"

Nianze na kilichonichoma kwenye huduma ya kutazama vipindi mtandaoni ninayoilipia. Nimerudia "The Man Trap" (yaani mtego wa watu), kipindi cha Star Trek, ile tamthilia ya safari za anga za juu, kilichorushwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, kabla ya vingine vyote. Kuna mahali Uhura, ofisa wa mawasiliano, anakutana kwenye ujia wa meli ya anga na kijana mweusi aliyevaa sare, ameigizwa na Vince Howard, naye anamsemesha Kiswahili. Maandishi ya chini ya skrini yanasemaje? Kwamba mtu anazungumza lugha ya kigeni. Basi. Kigeni kwa nani? Jina lenyewe la Uhura limetokana na neno letu, uhuru!

Na si kosa la pambo tu. Kiumbe wa sayari ya M-113 anafyonza chumvi ya miili ya watu, na ili awasogelee anajigeuza awe yule aliye moyoni mwao. Ndiyo maana Dakta McCoy anamwona Nancy, mpenzi wake wa zamani, akiwa msichana kama alivyomwacha, nahodha Kirk anamwona mtu mzima mwenye mvi, na baharia Darnell anaona mwanamke mwingine kabisa. Yule kijana wa kwenye ujia ni kiumbe huyohuyo, na kwa Uhura chambo ni lugha. Ukiifuta lugha, umeutoa mtego kwenye kipindi kinachoitwa mtego. Kiziwi anayetegemea maandishi hayo ataona kijana anaongea tu, asielewe kwa nini dada wa watu ameduwaa ukutani.

Nikubali jambo moja. Matamshi yana lafudhi nzito ya Kimarekani, kwa hiyo mwandishi wa maandishi hayo asiyejua Kiswahili angepata shida kuyanasa maneno. Sawa. Lakini kutaja jina la lugha hakuhitaji kunasa neno hata moja: "[kwa Kiswahili]", herufi chache, mstari unaruhusu hadi 42 hivi. Kutaja lugha ni kanuni ya kawaida ya kazi hii. Kwa hiyo hapana, siwasamehei.

Kwenye huduma yenyewe huwezi kurekebisha chochote. Mwenye faili lake la halali anaweza. Fungua faili la SRT, yaani lile lenye maandishi ya chini ya skrini, kwa programu ya kawaida ya kuandikia, tafuta mstari huo, badilisha maneno, na usiguse namba wala muda; kati ya sekunde na milisekunde pana mkato, si nukta, na ukikosea hapo vichezeshi vingine vitaukataa mstari. Hifadhi kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8, jina la faili liwe sawa na la video. Maandishi yakitangulia au yakichelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, kwenye kichezeshi cha VLC cha kompyuta bonyeza G au H, kila mbonyezo ni milisekunde 50. Ila yakianza sawa kisha yakazidi kuachana, G na H hazitakusaidia: faili limetengenezwa kwa picha 23.976 kwa sekunde, na diski yako ni ya Ulaya inayokwenda kwa 25. Ukifika dakika ya 30 pengo limeshapita sekunde 70. Hapo tumia Subtitle Edit, programu ya kuhariri maandishi hayo, badilisha kasi kutoka 23.976 kwenda 25, ndipo usogeze kidogo kama bado.

Picha haina neno. Wameacha umbo lake la 4 kwa 3 bila kuivuta watu wakawa wanene, na rangi za sare zimetulia. Jeanne Bal, kwa nafasi ya Nancy, bado anatisha kwa macho tu, na McCoy anaposhindwa kumpiga risasi hadi dakika ya mwisho, DeForest Kelley anayemwigiza anaubeba uchungu wote usoni. Kwa hayo nilikuwa tayari kutoa nyota tatu, hata nne.

Kisha nikafungua "The Changeling" ya 1967 nihakikishe. Humo Uhura amefutwa kumbukumbu na mashine iitwayo Nomad, anafundishwa kusoma Kiingereza upya kama mtoto wa chekechea, na akikwama anarukia Kiswahili, maana ndicho kilichobaki ndani kabisa. Nikasubiri maandishi. Lugha ya kigeni, tena! Nyota moja.