Transilvanian Hunger ya Darkthrone: uzoefu wangu na albamu chafu kuliko zote ninazozipenda

Kwa wanaotaka jibu la haraka: albamu hii inafaa kununuliwa, ila haimfai kila mtu wala kila spika. Kama kwako muziki ni lazima uwe na besi ya kutetemesha madirisha, utaizima kabla dakika ya pili haijaisha, na sitakulaumu. Ukiwa na subira ya kuiacha iendelee, ina kitu ambacho sijakipata kwenye albamu nyingine yoyote ya black metal, tawi la metal (roki nzito) lenye gitaa la mkwaruzo na sauti za kukwaruza koo, na ninazo nyingi.

Darkthrone ni bendi ya Norwei, wanatoka Kolbotn, mji mdogo kusini mwa Oslo. Naishi upande huohuo, na treni yangu hupita pale. Ni mahali pa kawaida kabisa: maduka, ziwa dogo, nyumba za watu na familia zao. Albamu ilirekodiwa mwishoni mwa 1993 na ikatoka Februari 1994 chini ya Peaceville, kampuni ya Uingereza. Hiyo waliyoiita studio ya Necrohell kilikuwa kinasa sauti cha kaseti chenye njia nne, aina ile ambayo wanamuziki wasio na hela ya studio hununua wajirekodie nyumbani. Gylve Nagell, anayejulikana zaidi kama Fenriz, alipiga gitaa, besi na dramu peke yake. Ted Skjellum, yaani Nocturno Culto, aliweka sauti tu. Mpiga gitaa mwenzao, Zephyrous, alikuwa ameshaondoka.

Wengi wakisikia maelezo hayo hudhani ni vijana wasiojua kupiga waliobahatika kupata mkataba. Siyo. Bendi hiihii ilitoa Soulside Journey mwaka 1991, albamu ya death metal, tawi jingine la metal lenye sauti za ngurumo, waliyokwenda kuirekodi Sunlight, Stockholm, studio iliyokuwa na heshima kubwa kwa muziki huo. Mle ndani mwendo unabadilika kila mara, dramu zina ufundi wa kujionyesha, gitaa limenyooka. Kwa hiyo uwezo walikuwa nao, na studio nzuri walishaijua njia yake. Wakaviacha vyote kwa kutaka wenyewe. Mwaka uliofuata walitoa A Blaze in the Northern Sky, na gitaa lake lilikuwa jembamba kiasi kwamba Peaceville walitaka ichanganywe upya. Vijana wakagoma, wakatishia kuipeleka kwa kampuni nyingine, na Peaceville wakalegeza. Under a Funeral Moon ya 1993 ikawa kavu zaidi. Hii ya 1994 ndiyo ilipofika mahali ambapo hapakubaki tena cha kupunguza, na kwangu hapo ndipo utamu wake ulipo.

Nieleze sauti yenyewe. Besi karibu haipo. Dramu zimesukumwa nyuma sana, matoazi yameloa ndani ya mvumo wa kanda. Mbele kabisa kuna gitaa lililojaa mkwaruzo, mkono wa kulia ukikwangua nyuzi juu na chini bila kupumzika. Wimbo wa kwanza, uliobeba jina la albamu, una dakika sita hivi na hauna utangulizi wa mbwembwe. Mdundo ni mmoja na kasi ni moja, karibu bila kubadilika hadi mwisho. Dakika ya kwanza unasikia kelele. Kisha sikio linaacha kuhesabu dramu, linazoea ule mvumo, na ndani yake inaanza kuchomoza tuni: nota chache tu, za huzuni, zinapanda kidogo na kushuka, zinarudi, zinarudi tena. Tuni ilikuwemo tangu sekunde ya kwanza. Muda ndio uliokuwa unahitajika ili uisikie.

Aliyekulia pwani akazisikia ngoma za kupunga pepo hatashangaa. Pale pia mpigaji habadilishi mdundo ili akuburudishe. Anaushikilia palepale mpaka mtu apandwe na pepo. Sisemi Fenriz alijua lolote kuhusu ngoma zetu. Nasema masikio yangu yalikuwa na pa kuanzia, na watu wa kwetu wanaoniuliza napata nini kwenye kelele hizi huwa nawajibu hivyohivyo.

Katika nyimbo nane, ninaoupenda kupita kiasi ni wa nne, Slottet i det fjerne. Tuni yake iko wazi kuliko nyingine zote, unaweza hata kuipiga mluzi njiani. Over fjell og gjennom torner ni mfupi, dakika mbili na nusu, unapita kama ulivyokuja. Sauti ya Nocturno Culto ni mkwaruzo mkavu wa kooni, haina ngurumo. Kinorwei changu kinanitosha kazini na hospitalini, lakini bila kusoma mashairi sishiki neno. Mengi ni misitu, ukungu, makaburi, usiku na shetani. Ukiwa mtu wa dini na hilo linakukwaza, ujue mapema.

Jinsi ya kuisikiliza ni muhimu, kwa sababu nadhani wengi huikataa kwa ajili ya hapo. Usiongeze sauti, punguza. Zima kile kitufe cha kuongeza besi kwenye simu au spika, maana hakuna besi ya kuongezwa. Kitakachoongezeka ni tope tu. Usichanganye na nyimbo nyingine: wimbo mmoja ukiuchomeka kwenye orodha ya nyimbo za kisasa zilizorekodiwa kwa nguvu, unasikika kama hitilafu. Iweke yote, dakika zake 39, ukiwa unatembea au unafanya kazi ya mikono. Mimi huisikiliza zaidi Desemba, wakati hapa Oslo jua linazama saa tisa na dakika chache alasiri na natoka kazini kukiwa giza tupu. Hedifoni za bei ya kawaida zinatosha kabisa.

Sasa kuna jambo ambalo siwezi kulipita. Jalada la nyuma la toleo la kwanza liliandikwa "Norsk Arisk Black Metal", yaani walijitangaza kuwa Waariani, neno lilelile la Wanazi. Juu ya hilo, bendi ilitoa tamko la kuwatukana Wayahudi. Wasambazaji wakakataa kuigusa, Peaceville wakajitenga na maneno hayo hadharani, bendi ikaomba radhi, na yale maandishi yakaondolewa kwenye matoleo ya baadaye. Pia mashairi ya nyimbo nne za mwisho yaliandikwa na Varg Vikernes, mwanamuziki mwingine wa black metal wa Norwei, ambaye albamu ilipokuwa ikirekodiwa alikuwa rumande kwa kumuua Øystein Aarseth, mpiga gitaa wa bendi ya Mayhem, Agosti 1993. Mei 1994 alihukumiwa miaka 21 kwa mauaji hayo na kwa kuchoma makanisa.

Mimi ni Mweusi, nalipa kodi katika nchi hii, nalea watoto hapa. Sikubali kuambiwa kwamba yale yalikuwa utani wa vijana. Fenriz alikuwa na miaka 22, umri wa mtu anayejua anachokiandika. Nimeamua kuendelea kuisikiliza nikiwa na habari zote, na kuzisema kila ninapoisifu, kama ninavyofanya sasa. Ndani ya nyimbo zenyewe siasa ile siikuti. Lakini kuna rafiki yangu, mpenzi mkubwa wa metal, ambaye hataki hata kuiona rafuni kwangu, na nikimkaribisha nyumbani siiweki. Uamuzi wake nauheshimu kuliko wa mtu anayeisifu bila kutaja jalada la nyuma.

Kuhusu kununua: tafuta toleo la baadaye, lisilo na maneno yale. CD iliyotumika inatosha, mimi ndiyo niliyonayo. Santuri ina faida moja, picha ya jalada kuwa kubwa: Fenriz anapiga ukelele huku ameshika kinara cha mishumaa, nyeusi na nyeupe tupu, chembe zote za kijivu zimeliwa. Picha hiyo na sauti ya albamu vimetengenezwa kwa mkono mmoja; ukiielewa moja umeielewa nyingine.

Asiyewahi kabisa kusikia muziki huu asianzie hapa. Aanze na A Blaze in the Northern Sky, ambayo Maktaba ya Taifa ya Norwei imeiweka kwenye maonyesho yake ya kudumu hapa Oslo. Ile bado ina mabadiliko ya mwendo, bado ina mabaki ya death metal, na mpaka sasa kila niliyemwanzishia nayo ameisikiliza hadi mwisho.