Matone ya nistatini na meno bandia: mbona hakuna aliyeniambia?

Nyota moja ndiyo niliyotaka kuipa nistatini, hii dawa ya fangasi wa mdomoni, na hata hiyo kwa shingo upande. Nilirudi dirishani kwenye duka la dawa kaakaa likiniwaka, jekundu kabisa pale bamba la juu la meno bandia linapokaa, nikamwambia yule kijana chupa imekwisha na fangasi bado wapo. Akanitazama, akapaza sauti foleni nzima isikie: "Mama, ukipiga mswaki haya hayatokei." Watu wakacheka. Akaniuzia chupa nyingine ya nistatini pamoja na dawa ya kusukutua ya klorheksidini, mfuko mmoja, maelekezo hakuna.

Daktari wa meno ndiye aliyeligeuza lile bamba na kupitisha kidole chenye glavu upande wa ndani. Kikatoka na utando mweupe unaoteleza. Kandida hao, ndio fangasi wenyewe! Wanang'ang'ania kwenye akriliki, plastiki ya bamba, wanajifunika ute wao wenyewe, na beta-glukani iliyomo humo, aina ya sukari ndefu ya fangasi, huinasa flukonazoli, dawa nyingine ya fangasi, kabla haijawafikia. Ndiyo maana vidonge vya flukonazoli nilivyoanza navyo vilikuwa kama mvua juu ya bati. Matone nayo nilikuwa nadondosha ulimini bamba likiwa mdomoni, hayakugusa upande ule hata kidogo. Na klorheksidini? Ikikutana na nistatini, zinaharibiana kazi. Mfuko mmoja, jamani!

Nikamuuliza daktari kuhusu dawa mpya. Rezafungini iliidhinishwa Marekani mwaka 2023, na kundi lake la ekinokandini huzuia kuvu kutengeneza hiyo glukani, kwa hiyo huusumbua ule utando kuliko flukonazoli. Ila ni ya dripu, mara moja kwa wiki, kwa wagonjwa ambao kandida imeingia kwenye damu. Kwa kaakaa langu ni kuua mbu kwa rungu, akasema, nami nikacheka kwa mara ya kwanza tangu balaa hili lianze.

Sasa nalala bila bamba, nalisugua na kuliloweka usiku, na matone nayaweka likiwa limetolewa, nayazungusha mdomoni kabla ya kumeza. Klorheksidini nimeitenga na saa za matone. Kaakaa limepoa. Kwa hiyo dawa haina kosa, nyota tatu basi. Ningesema nne, kama si ile sukari waliyojaza kwenye chupa ya mtu mwenye fangasi mdomoni.