The French House, Soho: uzoefu wangu

Mgeni wangu yeyote akitoka nyumbani kuja London, lazima nimpeleke baa hii, namba 49 Dean Street. Ni ndogo kweli. Jioni watu husimama bega kwa bega, wengine hutoka na gilasi zao hadi barabarani. Muziki hakuna, televisheni hakuna, simu hazitakiwi. Kinachosikika ni maongezi tu, na mimi hicho ndicho kinachonirudisha.

Siku ya kwanza niliagiza bia, nikaletewa nusu painti, yaani gilasi ndogo, nusu ya ile kubwa ya kawaida. Nikadhani sikueleweka. Mzee mmoja pembeni yangu akanieleza kwamba hicho ndicho kipimo cha nyumba hii, kisha tukapiga soga saa nzima. Yeye ndiye aliyenifundisha kuagiza Ricard, pombe kali ya Kifaransa yenye ladha ya anisi, inayochanganywa na maji. Kaunta ina chombo cha maji chenye vibomba. Unaweka gilasi chini yake, maji yanadondoka tone kwa tone, na pombe inageuka nyeupe kama tui.

Aliyeifungua mwaka 1891 ni Mjerumani, Christian Schmidt. Alipofariki 1911 mjane wake, Bertha, akaishika mpaka 1914, ikauzwa kwa Mbelgiji, Victor Berlemont. Mwaka huohuo mwanawe Gaston akazaliwa humohumo. Kwa hiyo baa ya Wafaransa imejengwa na Mjerumani na Mbelgiji! Sisi tuliokuja mji huu kutafuta maisha, habari hiyo inatugusa. Ufaransa ilipotekwa 1940, wafuasi wa Jenerali de Gaulle, kiongozi wa Wafaransa waliokataa kusalimu amri, waliokuwa London walikuja kunywa hapa.

Enzi zote hizo kibaoni paliandikwa York Minster, ingawa wateja walishaiita ya Wafaransa. Kanisa kuu lenye jina hilo, lililoko mji wa York, lilipoungua 1984, wanasimulia kwamba michango ya ukarabati ikawa inaletwa baa kimakosa; Gaston, aliyekuwa amemrithi baba yake, alipoipeleka kanisani akakuta mvinyo wake nao umekuwa ukipelekwa huko kimakosa. Baada ya hapo ndipo jina la mitaani likawa jina rasmi.

Gaston, mzee wa masharubu makubwa, alistaafu tarehe 14 Julai 1989, sikukuu ya taifa ya Ufaransa. Akafuata Lesley Lewis, naye hakuleta muziki wala kubadili kipimo. Namheshimu sana kwa hilo.

Ukienda, fika saa kumi alasiri kabla ofisi hazijafungwa. Utapata nafasi ya kutazama picha za ukutani bila kusukumana.