Jiko la kuni lenye termostati: uzoefu wangu hapa Bukavu

Kama unaniuliza jiko la kuni lenye termostati, yaani kifaa kinachorekebisha joto chenyewe, linafaa nyumba za Bukavu, jibu ni ndiyo, mradi kuni zako zimekauka. Kuni zikiwa mbichi utamtukana mtengenezaji bure.

Langu ni la mtumba, chuma kizito kutoka Ulaya, na aliyeniuzia hakunipa hata karatasi moja ya maelekezo. Tunakaa Muhumba, karibu na ziwa, na usiku wa mvua baridi ya huku haina mchezo. Zamani tulikuwa tunaingiza mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, chumbani, na kila mtu anajua hewa ya makala inavyoua watu usingizini. Hili moshi wake unatoka nje kwa bomba.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba termostati yenyewe haitumii umeme. Nyuma ya jiko kuna koili bapa, metali mbili zilizogandamanishwa. Moja hutanuka kuliko mwenzake ikipata joto, basi koili inajipinda, mnyororo mwembamba unalegea na kifuniko cha hewa kinashuka. Jiko likianza kupoa, kinainuliwa tena. Umeme ukatike usiku kucha, lenyewe linaendelea na kazi.

Namba za kwenye kitufe zisikudanganye, si digrii. Rekebisha jiko likiwa baridi kabisa: zungusha kitufe hadi namba ya chini, kifuniko kinapaswa kukaa kimefungwa, panda taratibu, kinapaswa kuanza kufunguka. Kifuniko cha langu kilikuwa hakifungi hata jiko likiwaka moto mkali. Fundi mmoja wa Kadutu alitaka kubadilisha koili nzima. Mke wangu akamwambia, “Baba, angalia kwanza huo mnyororo.” Ulikuwa umefupishwa. Tukaushusha pingili moja tu, na tangu hapo gogo la jioni linafika alfajiri likiwa bado na makaa.

Usafi wake ni mwepesi. Mswaki mkavu unatosha kuondoa vumbi na majivu kwenye koili na kwenye bawaba ya kifuniko. Mafuta usiweke, yanashika masizi na kifuniko kinakwama. Halafu kuna kamba ya kuziba mlango, ambayo wengi wanaisahau. Funga mlango juu ya noti ya franka 500 kisha uivute. Ikichomoka bila kubisha, hewa inapita hapo, na termostati hata ukiirekebisha vipi haitakusaidia.

Sasa kuni. Mkaratusi wa sokoni mara nyingi huuzwa ungali na maji. Mimi nanunua kiangazi, kati ya Juni na Agosti, napasua na kupanga chini ya bati, upepo upite katikati. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 20, moto unatulia. Ukibana hewa huku kuni ni mbichi, moshi unapoa njiani na kuacha lami nyeusi ndani ya bomba, na lami hiyo siku moja inaweza kushika moto. Kwa hiyo bomba napiga brashi kabla ya mvua za Septemba.

Lawama yangu ni bei ya bomba, karibu ilingane na ya jiko lenyewe. Na wapangaji, msinunue kabla hamjaongea na mwenye nyumba, maana lazima ukuta utobolewe.