Santuri juu ya tyubu ya baiskeli: uzoefu wangu na mashine niliyojiundia

Mwaka mzima sasa nasikiliza santuri kwa mashine niliyoiunda mwenyewe, na pesa ambayo nakuomba usiibanie ni ya kukerezesha sinia, ile sahani ya chuma inayobeba santuri, na shafti yake. Mengine utapata njia ya kuyapunguza, hili huna.

Fundi wa kwanza alinipa sinia lililopinda. Ukilitazama kwa ubavu, ukingo ulipanda na kushuka, na sauti ikilegea na kukaza kila mzunguko. Wa pili alikereza alumini ya upana wa sentimita 30 na unene wa 2, kilo karibu 4, akaimaliza ikiwa tayari imeshikana na shafti. Shafti inakaa ndani ya bushi ya shaba, imesimama juu ya gololi moja ya chuma, na matone ya mafuta ya cherehani. Mota nimeitoa kwenye redio kaseti mbovu. Ina skrubu ndogo ya kurekebisha kasi. Nilibandika karatasi ukingoni mwa sinia nikahesabu: dakika 3, mizunguko 100 kamili. Hiyo ndiyo 33⅓ kwa dakika, kasi ya santuri kubwa. Kwa santuri ndogo, sahani za 45, unatafuta 135. Mkono unaobeba sindano nilinunua uliotumika, na uzito wa sindano, gramu 2, nilikwenda kuupima kwa sonara.

Kilichonitesa ni mtetemo. Tunakaa Mji wa Kale, Mombasa, orofani, na sakafu yetu ni ya mbao. Mama akivuka chumba kwenda jikoni, sindano ilikuwa inaruka mistari miwili mitatu.

Jipimie hivi: weka sindano juu ya sahani iliyosimama, ongeza sauti, kisha gonga meza kwa kidole. Mimi niligonga, spika zikapiga kama ngoma. Nikawasha mota bila mkanda unaozungusha sinia, nikasikia mngurumo mzito. Kumbe nilikuwa na maradhi mawili, na kila moja lina dawa yake.

La mota lilikwisha siku moja. Niliitoa kwenye kitako cha mvule, nikaisimamisha ndani ya mkebe wa maziwa ya unga uliojaa mchanga, nikatoboa kitako tundu kubwa ili mkebe upite bila kukigusa. Kinachounganisha mota na sinia sasa ni mkanda tu. Spika nazo nilizishusha kutoka meza ile ile ya mashine; zilikuwa zinarudisha besi kwenye sindano mpaka zinavuma zenyewe.

La sakafu lilichukua miezi. Nilidhani dawa ni uzito, nikaweka bamba la granaiti la sentimita 40 kwa 45, kipande alichobakisha fundi wa jikoni, kilo 15 hivi. Halikusaidia kitu, maana jiwe limelala juu ya meza na meza juu ya mbao. Zikitikisika, nalo latikisika. Nikakata mipira ya tenisi nusu nusu, nikaiweka chini ya jiwe. Nafuu kidogo, lakini mashine ikawa inayumba upande, na baada ya wiki chache mipira ikabonyea.

Kilichotibu ni tyubu ya baiskeli ya mtoto, ya inchi 12. Ilaze chini ya jiwe, tia upepo kidogo mno, jiwe linyanyuke tu lisiguse meza. Ukilibonyeza kwa kiganja lipande na kushuka polepole, kama mashua iliyofungwa gatini. Mara ya kwanza niliijaza ikawa ngumu, na ikawa kama sijaweka kitu. Mkono na sindano vina mtikisiko wao wenyewe, kawaida mara 8 hadi 12 kwa sekunde, kwa hiyo kilicho chini lazima kiwe chepesi kubonyea na kiende taratibu zaidi ya hapo.

Taabu yake ni kwamba upepo unapungua. Kila baada ya wiki mbili naongeza, kisha narudisha usawa kwa pimamaji, kwa sababu upande wa mota ni mzito na jiwe huinamia huko. Watoto wakiruka bado sindano hushtuka. Kwa nyumba yenye watoto wengi ningefunga rafu kwenye ukuta wa mawe, nisiitegemee sakafu kabisa.

Lakini Mama sasa anapita na sinia la chai, sahani inaendelea. Juzi niliweka 45 moja ya taarabu, yenye lebo ya Mzuri, zile zilizotolewa na duka la Assanand hapa hapa Mombasa. Chini ya sauti ya mwimbaji, pale palipokuwa na mngurumo mtupu, nikaisikia tashkota, kile kinanda cha nyuzi chenye vitufe, kila uzi ukidonolewa peke yake.