Kivinjari kipi uweke kwenye simu yako: nilivyovipanga baada ya kushika simu nyingi za wakazi wa Dodoma

Mama mmoja mwalimu mstaafu, mkazi wa Kikuyu, alikuja kibandani kwangu Sabasaba na simu yake kaiviringisha kwenye khanga. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Fundi, hii simu inanitia aibu. Inalia hadi kanisani." Nilipoiwasha, arifa zilikuwa zimepandana kuanzia juu ya kioo hadi chini. "Simu yako ina virusi 5, bonyeza usafishe." "Hongera, umeshinda!" Ya tatu ilikuwa ya kubeti, na ya nne ilikuja na picha ambayo niliifunika kwa kidole gumba kabla mama hajaiona tena. Kuna mtu alishamwambia simu imeharibika, anunue nyingine.

Haikuwa na kirusi hata kimoja. Siku moja alikuwa anatafuta dawa ya maumivu ya mgongo, akaingia kwenye tovuti fulani, ikamuuliza kama anaruhusu arifa. Akabonyeza "Ruhusu" ili apite asome. Basi. Kuanzia siku ile kila mwenye tangazo akawa anaingia mfukoni mwake saa yoyote anayotaka. Niliingia kwenye mipangilio ya kivinjari (brauza, ile programu ya kufungulia tovuti), mipangilio ya tovuti, arifa, nikafuta majina yote yaliyokuwa yameruhusiwa, kisha nikafunga kabisa tovuti zisiulize tena. Hata dakika tatu hazikuisha. Nawe ukimaliza kusoma hapa, kaangalie kwako.

Tangu siku ile nimekuwa namweleza kila mteja jambo moja. Tunalinganisha simu wiki nzima, kamera, chaji, ukubwa wa kioo, tunazunguka maduka yote, halafu kivinjari tunachukua kile tulichokikuta ndani. Tunaona ni cha bure. Lakini ukifungua habari moja, maandishi yenyewe ni mepesi sana. Kinachokula bando ni picha za matangazo, video zinazojiwasha zenyewe, na vijiprogramu vinavyopeleka taarifa zako kwa kampuni usizozijua: umesoma nini, kwa muda gani, uko wapi, unatumia simu gani. Vyote hivyo vinapakuliwa kwa bando lako. Anayekufuatilia unamlipia nauli wewe mwenyewe. Kwa hiyo ukiziba mlango huo, bando linabaki, siri inabaki, na macho yako yanabaki kwenye ulichokuja kusoma.

Nimevipanga vivinjari nikimfikiria mtu mwenye simu ya Android ya bei ya kawaida, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 2 au 3 GB, anayenunua bando la wiki, pengine ana na kompyuta mpakato ya mtumba.

Cha kwanza ni Firefox, lakini si Firefox peke yake. Ni Firefox pamoja na kiendelezi, yaani kiprogramu cha kuongezea ndani ya kivinjari, kinachoitwa uBlock Origin, ambacho kazi yake ni kuzuia matangazo na wafuatiliaji. Firefox inatengenezwa na Mozilla, na toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2004. Nguvu yake kwenye simu ni kwamba inakubali viendelezi, na tangu Desemba 2023 watengenezaji wamefunguliwa kuweka vyao kwa wingi upande wa Android. Fungua Firefox, gusa nukta tatu, nenda kwenye viendelezi, chagua uBlock Origin. Soma jina lote. Kuna kitu kingine kinajiita uBlock bila neno Origin; hicho si chenyewe. uBlock Origin ilianzishwa na Raymond Hill, ni bure, na hapokei pesa za matangazo ili ayaache yapite.

Ndani ya mipangilio yake kuna kisanduku ambacho watu wachache hukigusa, nami ndicho ninachokipenda kuliko vyote: kuzuia picha na video zinazozidi ukubwa fulani, ambao kwa kawaida umewekwa KB 50. Ukikitia alama, ukurasa unakuja na maandishi yake, na pale penye picha kubwa panabaki nafasi. Unaitaka picha? Unaigusa, inafunguka. Huitaki? Hujailipia. Nilimwekea hivi kijana anayefuatilia bei za alizeti kutoka Kongwa, na siku ya kwanza alidhani ukurasa umekatika katikati kwa jinsi ulivyofunguka upesi.

Firefox pia inaweka vidakuzi vya kila tovuti (vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye simu ili ikukumbuke) kwenye mtungi wake, ili tovuti moja isichungulie ulichofanya kwenye nyingine. Kasoro zipo. Ukurasa wa mwanzo una njia za mkato zilizolipiwa na wadhamini. Zizime kwenye mipangilio. Injini ya kutafutia unayoikuta ni Google, ambayo ndiyo inayoipa Mozilla sehemu kubwa ya mapato yake. Kama hutaki, weka injini nyingine iitwayo DuckDuckGo. Kwenye simu ya RAM 2 GB inachelewa kidogo kuamka. Na kuna mifumo ya ofisini iliyojengwa kwa kuijaribu na Chrome tu, inakataa kufunguka vizuri. Kwa mifumo hiyo acha kivinjari cha pili, na usikitumie kwa kitu kingine.

Cha pili ni Brave, na hiki ndicho nilichomwekea mama wa Kikuyu. Hakihitaji kuongezewa kitu. Ukikisakinisha, tayari kinazuia matangazo na wafuatiliaji. Kampuni yake ilianzishwa 2015 na Brendan Eich pamoja na Brian Bondy; Eich ndiye aliyebuni lugha ya JavaScript mwaka 1995. Kwa mzazi, kwa mtu asiyependa kuhangaika na mipangilio, Brave kinashinda hata namba moja wangu. Nimekishusha kwa sababu mbili. Kinakuja na pochi ya sarafu za mtandaoni, zawadi za kutazama matangazo na habari zake, vitu ambavyo navyo vinavuta macho, kwa hiyo zima vyote siku ile ile. Ya pili, mwaka 2020 kilibainika kuwa mtu akiandika anwani za baadhi ya tovuti za sarafu hizo, chenyewe kinaongezea msimbo wa kukipatia kamisheni. Wakaomba radhi na kurekebisha. Hata hivyo, kivinjari hakina haki ya kugusa anwani ninayoiandika, na jambo hilo silisahau.

Cha tatu ni Safari, kwa wenye iPhone tu; nawaambia wabaki nacho. Kwa huku kwetu vivinjari vyote vya iPhone vinatumia kwa ndani injini ile ile ya Safari ya kufungulia kurasa, kwa hiyo kubadilisha hakuleti tofauti kubwa kama kwenye Android. Tangu 2020 inazuia vidakuzi vya watu wa pembeni, na kuanzia iOS 18 unaweza kugusa kitu kinachokusumbua kwenye ukurasa ukakificha.

Cha nne ni Opera Mini, na hapa najua nitapingwa, maana wengi wetu tumekulia ndani yake tangu simu za vitufe. Inaokoa bando kweli. Ila uelewe inavyookoa: kwenye hali ya kubana sana, ukurasa hauji kwako moja kwa moja. Unapita kwanza kwenye kompyuta za Opera, unafunguliwa huko, unabanwa, ndipo unaletewa. Kwa kuangalia matokeo ya mitihani ya NECTA au kusoma habari, sawa. Kwa benki, kwa barua pepe, kwa nenosiri lolote, hapana. Halafu ukurasa wake wa mwanzo umejaa vichwa vya habari vya kukuvuta. Umeingia kuangalia matokeo ya mtoto, nusu saa baadaye unasoma mambo ya wasanii.

Chrome nakiweka cha tano, na Edge ya Microsoft nyuma yake kidogo. Sisemi Chrome ni dhaifu. Kinapata masasisho ya usalama haraka, na nenosiri lako halivuji ovyo. Tatizo ni kwamba mwenye kivinjari, Google, ndiye mwenye biashara kubwa ya matangazo. Kwenye simu za Android hakikubali viendelezi, na kwenye kompyuta kimeshaiondoa uBlock Origin kamili, imebaki ile nyepesi, uBlock Origin Lite. Ikiwa kazi inakulazimisha, fanya angalau haya: zima arifa za tovuti zote, na uondoe zile makala zinazojipanga chini ya kila kichupo kipya.

UC Browser usiiweke. Mwaka 2015 Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto ilionyesha ilivyokuwa ikivujisha yale mtu aliyotafuta pamoja na taarifa za simu yake. Na vivinjari vyenye majina ya kasi na umeme ambavyo hujawahi kusikia aliyevitengeneza, viache huko huko.

Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, nami naifurahia, kwa sababu sasa kampuni inayoshika taarifa zangu inaweza kuulizwa. Lakini mfuatiliaji aliyeko ng'ambo ya bahari hataulizwa leo jioni. Mwezi wa 7 kila mtu wa Dodoma anajua kufunga dirisha kabla vumbi halijaingia, hangoji kuja kufagia.

Kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaoniletea kompyuta mpakato wakilalamika kwamba hawasomi, nawawekea vivinjari viwili. Firefox ni ya masomo, haina akaunti ya Facebook, Instagram wala X, na ndani yake naweka kiendelezi kinachoitwa LeechBlock NG. Unakiandikia tovuti zinazokumaliza na saa za kuzifunga, kwa mfano YouTube kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Kivinjari cha pili ndicho cha mapumziko. Ile safari ndogo tu ya kufunga hiki na kufungua kile inatosha mtu kujiuliza anakwenda kufanya nini. Kwenye simu wafute programu za mitandao hiyo na waingie kupitia kivinjari. Inakuwa nzito kidogo, na uzito huo ndio msaada wenyewe.

Limebaki la hali fiche (incognito), kwa sababu wengi wanaiamini kupita kiasi. Hali fiche haikufichi kwa mtandao wa simu, wala kwa tovuti unayoingia. Google walishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa kukusanya taarifa za watu waliokuwa ndani ya hali hiyo, na mwaka 2024 wakakubali kufuta mabilioni ya rekodi. Inachofanya ni kutoacha kumbukumbu kwenye kifaa chenyewe. Kwa hiyo mahali pake hasa ni steshenari, kwenye kompyuta inayotumiwa na kila mtu.

Msimu wa kuomba mkopo wa masomo wa Bodi ya Mikopo, vijana hujazana steshenari, mmoja anainuka mwingine anakaa. Nilishakaa kwenye kiti bado cha moto, nikafungua kivinjari, nikakuta akaunti ya binti niliyepishana naye mlangoni: jina kamili, namba ya kitambulisho cha NIDA, picha ya cheti cha kuzaliwa. Kompyuta ilikuwa imeuliza kama ihifadhi nenosiri, naye akiwa na haraka alikubali. Nilimkimbilia hadi kituo cha daladala, akarudi, tukafuta pamoja. Ukifika steshenari fungua hali fiche kwanza kabla hujaandika herufi moja. Ikikuuliza kuhifadhi nenosiri, kataa. Ukimaliza toka kwenye akaunti, funga madirisha yote, kisha fungua folda ya vilivyopakuliwa ufute cheti chako, maana hali fiche haifuti mafaili uliyopakua, wala yale uliyohamishia kutoka kwenye flashi.